Kipimo cha Masikio

"Umewahi kufanya kazi kiwandani?"
Kalamu ya dada wa kliniki inasubiri juu ya kisanduku.
Hapana, namjibu. Baba ndiye aliyekifanyia kazi kiwanda.
Mimi nilikipiga.

Hacheki. Huku Youngstown watu hawachekei viwanda.
Ananivisha vipokea sauti, ananifungia katika kijumba
chenye kuta za sponji,
ananiambia nibonyeze kila nikisikia.

Nafumba macho. Januari, tisini na moja.
Chini ya kanisa la Waukraine, ukumbi wenye harufu ya kabichi,
pipa la mafuta, mnyororo, boneti ya Plymouth
tuliyoing'oa makaburini mwa magari kwa dola sita.
Ostap Hrynko kaiinamia na grenda, cheche zinaruka
hadi kwenye nywele za Verlene Tisdale,
naye hajali, ameshika kipaza sauti kama aliyemkaba mwizi:

   Tanuri mwatuzimia, moto sasa umo mwetu,
   Mafuta mwapigania, kwa damu za wana wetu,
   Runinga yatuimbia, tulale na njaa zetu,
   Hatulali, hatulali, twapiga vyuma ni vyetu.

Watu kumi na mmoja ukumbini, mmoja amekuja kuuliza choo.

Mashine ya kunasa sauti tuliinunua
kwa fidia ya kidole cha baba yake Ostap.
Kwa hiyo kila tulipobonyeza, tulijua bei ya kubonyeza.
Tulimnasa msemaji wa kampuni, yule wa tai ya bluu,
tukamkatakata: rekebi, rekebi, rekebisho,
mpaka neno likatoka utumbo.
Juu yetu akina mama wa kanisa walikuwa wakikunja pierogi;
wakakanyaga sakafu kwa visigino, tunyamaze.
Tukavinasa visigino pia. Vikawa mdundo wa kipande cha tatu,
na ndicho kizuri kuliko vyote.

Nabonyeza. Sijui kama nimesikia kitu.

Sitaki kudanganya. Hatukuwa wazuri.
Upo ubeti nilioutunga mimi, dhidi ya mke wa meya,
ambao hata leo nikiukumbuka naosha uso.
Na tanuri halikuwaka tena kwa kelele zetu:
walilibomoa asubuhi ya Jumanne, baba akatazama
akiwa ndani ya gari, injini inanguruma, dirisha amelifunga.

Sasa pale pana ghala la vifurushi.
Ostap anauza ving'ora vya nyumba, mteja akimruhusu
anamwonyesha kwa mdomo namna kinavyolia.
Verlene yuko kwenye bodi ya shule,
na wakileta bajeti mbovu huinuka taratibu,
anavua miwani, na mimi niliyekaa nyuma
najikuta natafuta kitu cha kugonga.

Kaseti tulitoa sitini. Arobaini na tatu ziko gereji kwangu,
zimepinda kwa joto kama ndimi.

Haki tuliyoidai siwezi kusema naikosa,
haijawahi kufika.
Nakosa hasira yenye anwani,
hasira iliyojua jina, ghorofa, namba ya mlango.
Ya siku hizi naipeleka kwa simu
nayo simu inaniambia nibonyeze mbili.

Mlango unafunguliwa. Dada ananionyesha mchoro:
mstari unatembea vizuri, unatembea,
halafu unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.
"Hapa, sauti za juu, ndipo zilipokwenda.
Je, kuna mlio unaousikia usipozungumza na mtu?"

Upo.

"Tangu lini?"

Namtajia ukumbi, kabichi, mwezi.
Anaandika "miaka mingi."
Kisha kwa upole anatoa kifaa kidogo, rangi ya ngozi,
si ngozi yangu, cha kuufunika ule mlio.
Kina sauti ya mvua, anasema, na ya mawimbi,
na ya upepo kwenye misonobari.

Namuuliza kama kina ya grenda.